Shangazi Alivyoipima Kata ya Ng'ambo

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mpimaji wilayani kwa miaka ishirini na sita. Hakupima viwanja. Alipima kama watu wa mahali fulani wanaweza kujimudu barabara ikikatika: wana maji ya siku ngapi, chakula cha miezi mingapi, chumvi, kuni, mtu wa kufunga mfupa uliovunjika. Ofisini walimpachika jina la Nione-Kwanza, kwa kuwa hakuandika kitu asichokiona kwa macho yake. Ukimwambia una magunia kumi darini, alivua viatu akapanda ngazi. Akiyakuta tisa na nusu, aliandika tisa na nusu.

Mwaka ambao mafuriko yaling'oa daraja kwa mara ya pili, mkuu wa idara ya maafa alichoka. Aliamua kwamba kata ya ng'ambo ya mto, kama haiwezi kujitegemea siku tisini, ihamishwe yote kabla ya masika. Fomu za miaka ya nyuma zilisema jambo lile lile: ghala tupu, mitungi mikavu, watu hoi. Shangazi alizisoma zote, kisha akaingia ofisini kwa mkuu.

"Watu hawa walikatiwa barabara wiki saba, na hakuzikwa mtu kwa njaa," alisema. "Walikula nini, bosi? Upepo?"

"Nenda ukauone huo upepo," mkuu akamjibu. "Una siku tatu. Fomu ikirudi kama hizi, napeleka malori."

Alivuka daraja la muda la mbao akiwa nyuma ya pikipiki ya kukodi. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa maneno mengi, na sehemu ya habari hizi nimeipata kwake. Siku ya kwanza waliingia nyumba kumi na nne. Kila nyumba ilikuwa na unga wa kufunika kiganja na mwenyeji aliyeinamisha kichwa. "Sisi tuna nini, afisa? Tazama mwenyewe." Lakini watoto waliocheza uani walikuwa na mashavu.

Jioni Shangazi alikuwa ameshaelewa. Zamani unga wa msaada uligawiwa kwa aliyekutwa mtupu, na tangu hapo, karatasi ikionekana njiani, chakula kilifichwa. Hakuna aliyewaambia kwamba fomu hii inakwenda kinyume, kwamba safari hii mtupu ndiye atakayehamishwa. Siku ya pili aliitisha mkutano akawaeleza waziwazi. Walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, wakarudi kwao. Hakuna aliyefunua hata chungu.

"Shangazi," mwenye pikipiki alimwambia, "hawa wamekubali kwa kichwa. Moyo wameuacha nyumbani."

"Basi tutaufuata nyumbani."

Asubuhi ya siku ya tatu alikwenda kwa mjane mmoja mrefu, ambaye wenzake walimtazama yeye kwanza kabla ya kujibu lolote mkutanoni. Fomu aliiacha kwenye mkoba. Aliketi mkekani akasaidia kupukuchua mahindi, mazungumzo yakaenda na kurudi, hadi aliposema, "Mwezi uliopita wanawake wa kata ya bondeni walinionyesha mbegu zao za maharage. Safi kweli."

Mikono ya mjane ilisimama. "Bondeni?"

"Bondeni."

"Hao hao waliokuja hapa mwaka juzi kunikopa mbegu?"

"Sikuwaona wakikopa, dada yangu."

"Hukuwaona." Mjane aliinuka. Aliondoa rundo la kuni ukutani, akabandua ubao uliokandikwa udongo. Nyuma yake vilipangwa vyungu kumi na kimoja. Alichota kiganja cha maharage yaliyohifadhiwa kwa majivu, akayapuliza. "Ng'ata moja. Ng'ata uniambie." Halafu akapaza sauti juu ya ua: "Wifi, lete mtama wako mwekundu. Kuna mtu hapa anasema mbegu ziko bondeni."

"Nani huyo?"

"Huyu mwenye kofia."

Kufikia adhuhuri uani hapakuwa na pa kukanyaga. Aliyeleta mbegu alitaka waone na ghala. Mwenye ghala akatukuza chemchemi aliyoijengea kifuniko cha mawe. Fundi chuma, asiyekuwa na mbegu wala aibu, akaja na majembe aliyoyatengeneza kwa vyuma vya daraja la zamani. Shangazi alipanda dari thelathini na moja siku ile, akiwa na miaka hamsini na minane.

Kisha akatoa fomu, akaishika bila kuandika.

"Nimeona," alisema. "Lakini mmenionyesha mimi, hamkuionyesha karatasi. Nikiandika, unga wa msaada hauji tena, na mtabaki kwenu. Nisipoandika, mtahamishwa."

"Na tukikukataza?" mjane aliuliza.

"Nitaandika kwamba nimekatazwa."

Mjane aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wifi yake akatikisa kichwa kukubali, fundi chuma naye. "Andika," mjane alisema. "Na uandike kwamba mbegu za bondeni ni takataka."

"Hilo siandiki. Za bondeni nimeziona."

Walicheka mpaka mwenye pikipiki akaegemea ukuta.

Ripoti ilisema siku mia na kumi. Ukurasa wa mwisho ulisema pia kwamba kata ile haina dawa wala mkunga, na kwamba mama mwenye uchungu mgumu, daraja likiwa limekatika, atakufa. Mkuu alisoma, akafurahi, akauchomoa ukurasa ule.

"Huu unaharibu sifa yao."

"Rudisha, bosi. Ukiutoa huo, toa na jina langu kwenye zote."

Mwandishi muhtasi aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia hayo. Mkuu akaurudisha, akatia sahihi.

Kabla ya masika lori moja tu lilivuka daraja la mbao. Lilibeba makasha ya dawa, kitanda cha kujifungulia, na muuguzi aliyeketi mbele kando ya dereva. Watu wa ng'ambo walilipakua wenyewe, mjane akielekeza, na kitanda wakakipitisha kwa ubavu mlangoni mwa nyumba waliyomtengea muuguzi.