Mama Herbert na Heshima ya Paka Wake

Uru nzima, kule mlimani, aliyetaka paka alikwenda kwa Odilia, Mama Herbert, mjane wa mzee Kastori. Lakini humchukui paka kabla hujasomeshwa paka. Alikuketisha kwenye kigoda nje ya jiko, akakwambia kwamba paka wa rangi tatu karibu siku zote ni jike, na kwamba dume mwekundu wekundu wake kautoa kwa mama, kwa hiyo usijisumbue kumkagua baba. Hata paka mweusi tii, alisema, ukimweka juani utaiona milia ya babu zake imelala chini ya weusi. Watu waliitikia, mradi wapewe paka waende zao.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeshapanda mlima. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na magari yao, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikigeuza duka. Maduka yalileta magunia ya mahindi, magunia yakaleta panya, na Odilia akawa mtu mkubwa bila kugombea.

Hapo ndipo mtu mkubwa huyo alipopata mjukuu wa kwanza. Herbert, mwanawe wa pekee, alikuwa amemwoa Violet, binti wa kutoka Kahe, chini tambarare, na mtoto wa kiume alizaliwa mweupe, nywele zina rangi ya kutu. Odilia alimtazama mara moja tu.

"Kwetu hakuna rangi hii," alisema, akafunga kanga yake akaondoka.

Kwa Wachaga mzazi hupikiwa na mama mkwe. Yeye ndiye humletea mtori wa ndizi na maziwa mpaka mwili urudi, na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Odilia hakupika. Jina la Kastori, alilokuwa analisubiri tangu siku alipomzika mumewe, alilifungia kifuani. Violet alisubiri, akachoka, mama yake akaja kumchukua wakashuka Kahe. Odilia aliona hiyo ndiyo dalili kamili ya hatia. Usiku alilia, lakini kwa ajili ya Kastori, si kwa ajili ya mtoto.

Wakati huo paka wake mweusi alikuwa na mimba. Odilia alikuwa amemfungia stoo na dume mweusi wa Hilaria, jirani yake, dume aliyesifika kwa kuua panya, na Thadeus mwenye duka alishaagiza mtoto mmoja. Siku ya kuchagua, Thadeus aliinama juu ya kikapu, akamwona mmoja wa rangi ya majivu.

"Mama Herbert, huyu wa wapi? Baba mweusi, mama mweusi. Paka wako alitoka nje huyu!"

Odilia alipandwa na hasira. Paka wake! Aliyemfungia stoo kwa mkono wake mwenyewe!

"Thadeus, usinitukanie paka! Majivu ni weusi uliopauka, na hujificha. Babu anao, baba hana, mjukuu anao. Tena hautokei mpaka uwe umejificha pande zote mbili, kwa mama na kwa baba. Wewe unaona rangi moja unamvunjia mnyama wa watu heshima? Hata aibu huna?"

Herbert alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua maziwa. Hakupandisha sauti.

"Kwa baba pia, mama?"

"Kwa baba pia! Lazima!" alisema Odilia, bado na moto wake. Kisha akamwona mwanawe anavyomtazama. Thadeus, ambaye si mjinga, alichukua paka wa karibu akaaga.

Kesho yake asubuhi Odilia alikata jani la sale mpakani mwa kihamba chake cha migomba, lile ambalo ukiletewa huwezi kukataa kusamehe, akabeba ndizi za mtori na kibuyu cha maziwa, akashuka na Herbert mpaka Kahe. Njia nzima alilisema jina la mumewe kimoyomoyo, kama mtu anayehofia kulisahau.

Violet alikuwa barazani na mama yake. Alimwamkia mkwewe shikamoo kwa adabu. Odilia alipiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nje ya kanisa, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Violet alilipokea papo hapo. Hakununa wala hakumkumbusha lolote. Alimwinua, akamkalisha kwenye kiti kizuri, mtori ukabandikwa jikoni. Odilia alikuwa amesamehewa kabisa, akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Nimewaletea na jina," alisema.

Violet alimtazama Herbert, na Herbert akatazama chini.

"Mama, tulibatiza Jumapili," alisema Violet taratibu. "Tungesubiri, ila hapakuwa na wa kumsubiri." Akamweka mtoto mikononi mwake. "Mpakate. Anaitwa Melkior, jina la baba yangu."