Sukari ya Mti Niliinywa Mimi

Admin, nisitirie jina langu na la shule ninayofundisha, maana Kibiti tunajuana. Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, nafundisha kemia. Nataja kemia kwa sababu ndiyo iliyofanya niaminiwe.

Dada yangu ninayemfuata kuzaliwa ameolewa Mohoro, ana watoto wawili. Tangu mwaka jana anaharisha na kukonda. Anakula wali hadi anashiba, lakini pete yake ya ndoa ameizungushia uzi isidondoke. Shemeji alimwambia baba waziwazi kwamba dada akionekana ana maradhi ya kudumu, atamrudisha kwetu na watoto watabaki kwao.

Nikampeleka hospitali kubwa Dar. Daktari akaagiza kipimo cha utumbo. Muuguzi alitueleza kwamba mgonjwa hali kitu tangu usiku, asubuhi anakunywa maji yaliyokorogwa zailosi, sukari inayotokana na miti, ambayo viwandani hutumika pia kutia vitu utamu. Kisha mkojo wake wote unakusanywa kwa muda wa saa tano. Utumbo mzima hufyonza sukari hiyo na nyingi huonekana kwenye mkojo. Utumbo mgonjwa huiacha ipite na choo. Usiku ule mimi pia sikula, kwa kumhurumia tu.

Muuguzi akatukabidhi kikombe, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Dada alikitazama, akanisogezea.

“Kunywa wewe, mdogo wangu. Wewe mzima. Nikirudi na majibu mabaya, watoto wangu nitawaona kwa kuomba.”

Nilimwambia tukificha ugonjwa hatutapata dawa yake. Akalia bila sauti, mabega yake mifupa mitupu. Nikanywa. Utamu wake ulikuwa hafifu kuliko wa sukari ya chai, ukabaki ulimini. Kila alipoitwa chooni tuliingia wote, nikajaza mimi chombo chenye jina lake.

Majibu yakaja mazuri. Ukweni Mohoro walikusanyika, na baba akanipa karatasi niisome kwa kuwa mimi ndiye msomi. Niliisoma kwa sauti, nikaifafanua hata walipokuwa hawajauliza. Wifi yake dada, ambaye mdomo wake haupumziki, akasema, “Basi huo wali wetu tunamlisha nani humo ndani?” Watu wakacheka. Mama mkwe wake akangoja wanyamaze.

“Kama si utumbo,” alisema, “basi ni mtu.”

Tangu siku hiyo nikitaja hospitali, najibiwa kwa maneno yangu mwenyewe: si ulitusomea mwalimu, utumbo mzima? Wamepata mganga kule Salale, kwenye visiwa vya delta. Alhamisi wanamvusha dada kwa boti akakae huko siku saba, anywe maji ya mizizi ya kumsafisha tumbo, bila chakula.

Jumapili nilikwenda kumwona. Nilimbeba peke yangu kumtoa uani, na mimi si mtu wa nguvu. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikamwambia, dada, tuseme ukweli kabla hujaondoka.

“Ukweli gani? Hospitali walinipima. Utumbo wangu mzima. Niacheni nikatolewe hiki kitu.”

Nikamkumbusha kikombe. Nikamkumbusha chooni. Alinitazama kwa utulivu kabisa, akaniambia nisimchanganye, amechoka. Nilimchunguza macho nikitafuta alama kwamba anaigiza. Sikuiona. Siri hii tulikuwa nayo wawili. Sasa ninayo peke yangu.

Nikisema, shemeji atamrudisha, watoto watabaki Mohoro, na yeye mwenyewe atanikana mbele ya watu. Wataamini karatasi, maana niliwafundisha mimi kuiamini. Nikinyamaza, najua mwili usiopokea chakula ukiharishwa siku saba unafikia wapi. Usiku najikuta nahesabu kilo zilizobaki kama nasahihisha mtihani.

Leo ni Jumanne. Sitaki pole zenu, na matusi nayastahili, lakini yawekeni kando kwanza. Niambieni nianze kwa nani, kwa baba, kwa shemeji, au nimchukue dada kwa nguvu nimrudishe hospitali akiwa ananilaani njia nzima? Nijibuni kabla boti haijaondoka.