Moja Inayobaki Ndani ya Mabano

Mjukuu wangu alikuja kwetu Bungoma kutoka Kitale katikati ya Ramadhani, na daftari la hesabu ndani ya mkoba wa nguo za mtoto wake. Alikuwa ameanguka hesabu mara mbili, na bila kuipita chuo cha uuguzi hakingempokea. Mwisho wa kujiandikisha kurudia mtihani ulikuwa Jumatatu. Aliniambia waziwazi kwamba haendi.

"Ni hii algebra, babu. Ati toa kilicho sawa, weka nje ya mabano. Natoa, na bado nakosa."

Mimi nimesoma chuo cha Kurani, si algebra. Akanionyesha: 24a + 16b + 8. Yeye aliandika 8(3a + 2b). Majibu ya kitabu yalisema 8(3a + 2b + 1).

"Hiyo moja imetoka wapi? Si nane nimeshatoa yote? Hakuna kitu imebaki."

Siku hiyo tulikuwa tukigawa sadaka ya Idi nyumbani kwetu, kama kila mwaka, kwa wajane wanane wa karibu na msikiti. Nikamwita tuendelee na kazi. Palikuwa na mifuko ishirini na minne ya unga, kumi na sita ya mchele, na kilo nane za sukari.

"Kilo za mfuko mmoja wa unga hatuzijui," nikamwambia. "Ziite a. Za mchele ziite b. Haya, mjane mmoja anapata nini?"

"Mifuko mitatu ya unga, miwili ya mchele." Akadhani amemaliza.

Mke wangu, aliyekuwa akipima sukari, akadakia: "Na sukari umekula wewe? Na vile umefunga! Wajane wanywe chai chungu siku ya Idi?"

Mjukuu alicheka hadi akaketi chini. Kisha akaweka kilo moja ya sukari juu ya kila fungu, akarudi kwenye daftari, akazidisha kwa nane kila kilichokuwa ndani ya mabano. Hesabu ikarudi nzima.

Miaka yote hiyo nimegawa mafungu, sikujua Mola alikuwa akinifundisha algebra.

Kufikia futari alikuwa amefanya hesabu tisa nyingine. Mbili alikosa, akazigundua mwenyewe kabla ya kutazama majibu.

Jumatatu alipanda gari la kwanza la Kitale. Nilipoinua mikono kumwombea, akanikatiza.

"Babu, usiombe nipite tu. Omba nisiharakishe."

Nikaomba yote mawili.