Kamba za Ndama Mezani

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kikali, miaka ile ya tisini, nilipoteremka kwenye lori pale kwetu Modogashe na sanduku langu la chuo. Nilikuwa nimeamua kuacha masomo ya ualimu. Wenzangu niliwaaga nikisema naenda kuolewa. Kuolewa na nani, wallahi? Hata mchumba sikuwa naye.

Ukweli, mwanangu, ni kwamba ng'ombe wa baba walikuwa wamekufa. Nilipoingia chuoni tulieleza kwamba baba ana mali, na ilikuwa kweli, kwa hiyo nikapewa msaada mdogo tu wa karo. Sehemu iliyobaki baba aliilipa kwa kuuza madume soko la Garissa. Sasa madume hakuna, na kwetu mwenye mifugo akishaitwa fukara, jina hilo huwafuata mpaka wajukuu. Nikaona heri nipoteze chuo kuliko baba apoteze heshima.

Nilipomweleza, aliweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali, "Huyu mbuzi tunayekunywa maziwa yake, tumempata wapi?"

"Tumepewa na jamaa."

"Nao walijuaje kwamba sina kitu?"

Akajijibu mwenyewe:

"Nilisimama kisimani mbele ya watu, na mvi zangu hizi, nikasema ng'ombe wangu wamekwisha. Kila mtu akatoa alichojaliwa. Mimi nimesema, wewe unanifichia nini? Anayenyamaza hapewi hata kwato."

Nililia, jamani. Niliona uchungu kwamba mzee wangu alisimama pale peke yake, nami nilikuwa mbali nikitunga harusi ya uongo.

Tukapitia kwa chifu, kisha tukasafiri hadi chuoni. Baba alivaa kofia yake nyeupe ya Ijumaa, akabeba gunia dogo ambalo hakutaka nilishike. Ofisini karani akatazama faili langu, akasema, "Mzee, hapa imeandikwa una ng'ombe wengi."

Baba akafungua gunia, akamwaga mezani kamba zake zote za kufungia ndama. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mifugo. Akasema, "Ngombe ilikuwa nyingi. Sasa iko kamba tu."

Karani akakohoa kidogo. "Pole sana, mzee. Lakini kamba siwezi kuzitia kwenye faili. Nahitaji barua ya chifu."

"Barua iko," baba akasema, akaitoa mfukoni. "Barua ya faili. Kamba ya macho yako."

Yule karani aliishika kamba moja, akaigeuzageuza, kisha akanitazama mimi. "Binti, ulikuwa unangoja nini? Sisi tungejuaje?" Maneno yaleyale ya baba, kutoka kwa mtu asiyewahi kuona kisima chetu!

Wenye ofisi wakakaa, wakapima upya hali yetu, wakaniongezea msaada. Haukutosha, usidhani mana ilishuka. Karo iliyobaki nililipa kidogo kidogo, na nikamaliza.

Sasa nawe, mwanangu, duka la baba yako limefungwa, na nasikia unawaambia wenzako kwamba unapumzika muhula mmoja. Unapumzika nini, na hata hujachoka? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nenda kwa chifu upate barua. Nenda chuoni mapema, kabla hawajakufuta. Sema hali ilikuwa hivi, sasa ni hivi, naomba mniangalie upya. Usiongeze chumvi wala usipunguze. Wakikukatalia, uliza rufaa inapelekwa kwa nani. Na umchukue baba yako mwende pamoja, maana huenda yeye anakungoja wewe useme kwanza.

Baba alishazikwa, Mungu amrehemu. Kamba moja ninayo hadi leo, nayo haijawahi kunitia haya.

Mwenyezi Mungu akunyooshee njia, akupe ulimi mkweli na moyo usiovunjika. Na akikufikisha mlangoni, mwanangu, piga hodi.