Clifford, Bawabu wa Loji

Wanaume wa loji yetu ya Frimasoni wana siri nyingi, lakini siri ya supu hawana, maana supu naipika mimi. Jiko langu liko ghorofani, mkabala na mlango wa ukumbi wao, na katikati yetu ni kichwa cha ngazi chenye zulia lililokwisha. Hapo ndipo anaposimama Clifford Entwistle na upanga mkononi, nje ya mlango uliofungwa, kuhakikisha asiye mwenzao haingii. Sijui nani angetaka kuingia. Tangu viwanda vya pamba vife, watu wa mji wetu hata kanisani hawaingii.

Clifford alikuwa fundi wa boila mpaka alipostaafu. Ni mtu mrefu, mpole kupita kiasi, wa wale wanaoomba radhi wakikanyagwa. Upanga alipewa ashike kwa muda tu, mzee aliyekuwa nao alipovunjika nyonga, na huo muda haujaisha mpaka leo. Walipogundua kwamba hajui kukataa, wakamtwika na michango. Mashindano ya bata wa plastiki mtoni kila Pasaka, watu wakilipia kila mmoja bata wake, ni yeye. Huingia majini na suruali ya mpira hadi kifuani kuwakwamua bata walionasa kwenye matete. Bahati nasibu ya chupa za wiski, yeye. Kusimama na kopo la michango mbele ya duka huku mvua inamnyeshea, yeye huyo huyo. Safari hii walikuwa wanachangia basi dogo la kuwabebea wagonjwa wasio na tiba, na sibishi, ni jambo jema. Jambo jema ndilo linalomfunga mtu kuliko kamba.

Mkewe Doreen ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kiwandani. Mapafu yake hayataki tena unyevu wa bonde letu. Daktari amemwambia wazi ahame, na dada yake aliyeko Morecambe, pwani, akawawekea vyumba vya chini nyumbani kwake. Doreen alimwambia mumewe kwamba baridi ya mwaka huu haitamkuta hapa. Angependa waende wawili. Isipowezekana, ataenda peke yake. Clifford akaapa kuuachia upanga kwenye uchaguzi wa Oktoba.

Sasa utaratibu wao ni huu. Mkuu wa loji huchaguliwa kwa kura ya siri, kwa heshima zote. Bawabu huchaguliwa kwa kunyoosha mikono, na mikono hiyo hunyooshwa ndani, mlango umefungwa, mwenyewe yuko nje anaulinda. Tena wana adabu yao ya zamani: kabla ya kuchaguliwa, bawabu sharti aseme, "Mwaka huu tafuteni mwingine." Wao hucheka, kisha humrudisha. Kila mwaka Clifford amelisema neno hilo, kwa adabu tu.

Jioni ya uchaguzi alimsubiri Mkuu pale ngazini. Ni daktari wa meno, jina lake Alastair Pilling, mtu wa kucheka hata na koleo mkononi. Mimi nilikuwa namenya viazi, mlango wa jiko wazi.

"Mheshimiwa, mwaka huu tafuteni mwingine," Clifford akasema.

"Haya, ameanza." Pilling akampiga begani.

"Safari hii ni kweli. Doreen anaumwa. Tunahama."

"Na mwaka jana lilikuwa goti. Ndugu Clifford, wewe utatuzika sote."

Akaingia, mlango ukafungwa. Baadaye kidogo tukasikia kicheko cha watu wengi ndani, nikajua amewasimulia, na mikono imeshanyooshwa. Clifford naye alijua. Nikamwambia agonge, aingie, awaambie mwenyewe. Akanieleza, kwa ule upole wake unaonikera, kwamba bawabu akiingia mlango unabaki bila mlinzi, na bila mlinzi kikao si kikao. Yaani ili aseme kazi haitaki, lazima kwanza aiache. Na ili aiache, lazima kwanza aseme. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa karamu yao ya mwaka, ile wanayoalika wake zao. Doreen alikuja na gauni la buluu, na pumzi yake ilisikika hadi upande wa pili wa meza. Nilipokuwa nagawa nyama ya kuoka, Pilling akainuka na glasi yake. Akatangaza kwamba basi limepatikana, shukrani ziwaendee bata, na kwamba ubavuni litaandikwa jina la Clifford. Watu wakagonga meza. Kisha akamwomba Doreen asimame.

"Shemeji, asante kwa kutuazima mumeo," akasema. "Utatuazima tena mwaka mmoja?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Doreen hakumtazama Pilling, alimtazama mumewe. Ilikuwa zamu ya Clifford, na hapakuwa na mlango wa kulinda. Nilisimama na bakuli la mchuzi nikimwomba Mungu ampe neno moja tu. Akainuka, masikio mekundu, akawashukuru ndugu zake kwa heshima kubwa waliyompa.

"Mchukueni," Doreen akasema, akaketi.

Wakaangua kicheko. Walidhani anatania.

Jumatatu akaondoka kwa gari la dada yake. Clifford alimbebea masanduku, akamfunika blanketi miguuni, akamwahidi kwamba atamfuata wakishapata mtu. Doreen akapandisha kioo cha gari, na mimi niliyekuwa nimeegemea ukuta wa nyumba yao nililia kwa ajili yao wote wawili.

Kikao cha Novemba kilipofika, Clifford alikuwa amesimama pale pale. Nilivumilia mpaka viazi vikaiva, kisha nikatoka.

"Cliff, ngazi hiyo hapo nyuma yako. Waliofungiwa ni wale wa ndani."

Akaigeukia ngazi. Nikadhani anakwenda.

"Doreen alinipigia," akasema. "Siku hizi anapumua vizuri."

"Basi mfuate. Weka huo upanga kwenye kiti, mimi nitawaambia."

"Hapa wananijua, Mavis. Huko Morecambe nitakuwa nani?"

Kumbe kilichomfunga hapo hakikuwa adabu, wala Pilling, wala mikono iliyonyooshwa. Ningeyajua hayo mapema, ningemwambia Doreen asimwandalie sahani huko kwa dada yake.

Mlango ukagongwa kutoka ndani, kama wanavyofanya kuhakikisha mlinzi yupo. Clifford akaipa ngazi kisogo, akagonga kuwajibu.