Siku Niliyoupaka Rangi Mtumbwi wa Papa

Papa ndiye aliyeitunga ile sheria. Zamani, alipokuwa prezida wa komite ya wavuvi hapa Kituku, alisimama juu ya jiwe akatangaza: mtumbwi usioingia tena ziwani usikalie nafasi ya mitumbwi yenye kazi. Mwenyewe apewe siku saba auondoe, la sivyo ukatwe kuni za akina mama wanaokausha samaki. Watu walimpigia makofi. Miaka ikapita, na sheria, kama kuku, ikarudi kulala kwa mwenyewe.

Kwetu sambaza, wale samaki wadogo, huvuliwa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wa Papa ulikuwa wa katikati, na humo ndimo alimokaa akiongoza nyimbo za kupiga kasia. Ile miwili ya pembeni iliuzwa. Huu ulibaki umelala juu ya mawe meusi tangu mgongo wake ulipolikataa kasia.

Prezida wa sasa, ambaye Papa mwenyewe alimfundisha kuvua, alikuja nyumbani kofia mkononi.

"Muzee, siku saba. Sheria ni yako, mimi ninaisoma tu."

"Unaisoma muzuri," Papa akamwambia. "Zamani ulikuwa hata kasia hujui kushika."

Hakuomba kuongezewa siku. Alitaka mtumbwi uondoke na karatasi ya kuufuta daftarini, basi. Una namba ubavuni na umeandikwa kwa jina lake. Usipofutwa, kesho mtu anaichukua ile namba, anaiweka kwenye mtumbwi wake wa magendo, na anayegongewa mlango ni Papa. Tena alitaka mbao zije nyumbani, zisiende motoni.

"Nilikata mitumbwi ya wenzangu kwa sheria," alisema. "Yangu isiondoke kama ya mwizi."

Kazi nikapewa mimi, binti yake wa mwisho, kwa sababu nilifika sekondari mwaka wa pili na barua ninaweza kuandika. Ninachora mabango ya saluni, huku nikiota siku nitakayokuwa na atelie yangu ya kuchorea, yenye mlango na watu wakingoja zamu nje. Nilikwenda biro, ofisi inayoandikisha mitumbwi, nikaandika barua, nikarudishwa, nikaiandika tena. Mwishowe wakaniambia ajenti atakuja siku ya sita. Akiona mtumbwi umekwisha kweli, atapiga kashe, muhuri wa kuufuta, palepale.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nyumbani kwetu mtu haonyeshwi kwa mgeni akiwa mchafu. Hata mgonjwa, kabla daktari hajamwona, Mama humwogesha, humpaka mafuta, humvika shati safi, mpaka daktari anauliza mgonjwa ni nani. Basi siku ya tano nikautazama mtumbwi wa Papa, umepauka, umejaa nyufa, nikasikia huruma. Ajenti atamwonaje muzee wetu? Nikajaza nyufa matambara na vipande vya magunia. Juu yake nikapaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye bango la saluni. Namba nikaiandika upya, nyeupe, na puani nikachora ua jekundu. Nikaenda kulala nikijisifu.

Asubuhi ajenti akafika, viatu vinang'aa, dosie ya makaratasi kwapani.

"Mufu iko wapi?"

"Ni huyu," nikasema.

Akauzunguka mara mbili. "Mama, nina mitumbwi kumi inaomba ruhusa ya kuingia ziwani, hata moja haijavaa hivi. Huyu si mufu, huyu ni bwana harusi!"

"Tumutafutie bibi!" mama mmoja muuza samaki akapaza sauti, na ufuo mzima ukacheka.

Ajenti akafungua dosie aandike kwamba mtumbwi ni mzima. Kurudi tena ni wiki ijayo, alisema. Na sisi siku ya saba ilikuwa kesho. Nilitamani mawe yafunguke yanimeze.

Papa akanitazama. Hakukasirika, na hiyo ilinichoma zaidi. "Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "nani alikutuma umuponyeshe?"

Kisha akamgeukia ajenti. "Kama iko muzima, tuingie naye majini. Ao unaogopa?"

Mbele ya watu wote vile, ajenti angesemaje? Akavua viatu, akanipa nivishike, akapanda. Wavuvi wanne wakausukuma. Papa akakaa mahali pake pa zamani, kasia mkononi, akaanza wimbo. Wanaume ufuoni wakaitikia, prezida kwa sauti kuliko wote. Na mtumbwi ukaenda! Nusu yangu ilifurahi, nusu ikasema: tumekwisha.

Ulikwenda kama urefu wa nyumba mbili. Kisha tambara la kwanza likatoka likaelea, likafuatwa na gunia. Mtumbwi ukashuka polepole, kama mama mnene anayekaa kwenye mkeka, mpaka ukagusa chini. Papa aliendelea kuimba, maji kifuani. Ajenti alikuwa ameinua dosie juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Muzee," akasema, "imekufa."

"Andika."

Akaandika ufuoni, suruali ikichuruzika. Karatasi ilikuwa na mstari wa sababu. Akasema kwa sauti, "Uzee."

"Hapana," Papa akasema. "Weka: kazi."

"Muzee, biro haina sababu kama hiyo."

"Na wewe umeshakaa ndani yake. Uliona uzee, ao uliona kazi?"

Ajenti akamtazama, akaitazama suruali yake, akaandika kazi. Kashe ikapigwa.

Kesho yake mbao zilipanda mtaani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, karatasi ikiwa mfukoni mwa Papa, naye akiwatazama watu usoni. Mbao nzuri zikawa benchi, iko mlangoni petu, ua langu jekundu pembeni. Papa alikataa lirandwe. Mgeni akifika, hata wa kuuliza njia tu, lazima akae kidogo.

"Kaa, kaa," anamwambia. "Benchi isiyokaliwa siku saba, hapa tunaikata kuni."