Jodari wa Sikukuu ya Magdalena

Asubuhi ya sikukuu ya Magdalena, Blasa aliamka gizagiza, akavaa gauni la buluu la wanawake wa bandarini, akafunga aproni nyeupe na kitambaa cha mirabaraba kichwani, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri kupambazuke. Mumewe Imanol alifungua jicho moja, akamuuliza kama anakwenda kuolewa upya, na kama yeye amealikwa.

Alikuwa anakwenda kumenya viazi. Lakini viazi hivyo alikuwa amevisubiri tangu siku alipoteremka kutoka bonde la kondoo, kijana kabisa, kuja kuolewa Kaiondo, mji wa wavuvi.

Katika kiwanda cha dagaa wa chumvi alikaa meza moja na Kontxi miaka nenda miaka rudi, visu vyao vikienda pamoja. Alijua mume wa Kontxi anavyokoroma, na Kontxi alijua mtoto gani wa Blasa aliwahi kukojoa kanisani. Ila king'ora cha jioni kikilia, Kontxi na wenzake hushuka bandarini kunywa mvinyo wao kidogo kidogo, baa hadi baa, na Blasa huelekea nyumbani. Hakuna aliyemchukia. Kundi la marafiki, kuadrilla kama wanavyoliita, hufungwa mapema katika mji ule. Waliopokea komunyo ya kwanza pamoja ndio watakaozeeka pamoja, na hakuna anayebisha hodi kuomba aingizwe, kama vile mtu haombi kuzaliwa upya katika ukoo wa jirani.

Kisha goti la Luxia likaharibika. Luxia ndiye aliyekuwa mvunja viazi wa kundi, na madaktari wa Bilbao walimwekea goti jipya wiki ileile ya sikukuu, wiki ya mashindano ya kupika marmitako, mchuzi wa wavuvi wa viazi na jodari. Kontxi alisema bila kuinua macho kwenye dagaa wake:

"Blasa, viazi unajua kuvunja?"

Kiazi cha marmitako hakikatwi. Kisu huzama nusu, mkono ukapinda, kiazi kikavunjika kwa mlio, ndipo kinapotoa unga wake na mchuzi ukawa mzito. Blasa alijibu kwamba alikuwa akivunja viazi kabla hajaota meno.

"Basi njoo Jumamosi. Ni siku moja tu, lakini."

Blasa alibeba hiyo "lakini" hadi nyumbani kama mwiba kiatuni. Alitaka jambo moja tu katika sikukuu ile, nalo ni kwamba Jumapili ifike na Kontxi awe ameisahau.

Jumamosi hiyo ya sikukuu uwanja wa bandarini ulikuwa umefuka moshi. Sufuria zilipangwa mistari miwili, zote za kamati ya sikukuu, zote nyeusi, na nyuma ya kila moja wanawake wa gauni la buluu walipuliza kuni na kusemana. Sufuria ya jirani ilikuwa ya Mirentxu na wenzake wa mtaa wa juu. Hao walikuwa wametwaa kofia ya ushindi mara tatu mfululizo, na Mirentxu hakuwa mtu wa kuficha jambo kama hilo. Alimuuliza Kontxi kama mwaka huu wameleta jodari au wanategemea maombi.

"Tumeleta na kijiko cha kukulisha, shoga, maana ukishindwa utakosa nguvu," Kontxi akajibu.

Blasa alivunja viazi. Kila kimoja kililia vizuri, naye akajisikia kucheka bila sababu. Kitunguu kililainika, pilipili kavu iliyokwanguliwa ikatia wekundu, mvinyo mweupe ukapita mkono kwa mkono, na kufikia saa sita walikuwa wameshamwambia Blasa siri mbili ambazo hazikuwahi kusemwa kiwandani. Terexa, aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu wageni, alimkatia kipande cha soseji na kumtilia mdomoni kwa mkono wake. Blasa alitafuna polepole ili kisiishe.

Ndipo bendi ikatokea kichochoroni. Kaiondo, bendi ikipita hukai. Watu hushikana mikono, mstari ukaifuata tarumbeta popote itakapokwenda, hata baharini. Kontxi alimpakatisha Blasa beseni la jodari mbichi aliyekatwa vipande, akamwambia kwa haraka kwamba kengele ya saa nane ikilia aondoe sufuria motoni, amimine samaki, afunike, asikoroge. Samaki huiva kwa joto la mchuzi peke yake. Akikaa motoni huwa mkavu kama kizibo. Kisha mstari ukamnyakua Kontxi, na Terexa, na wengine wote, na nyuma yao wale wa mtaa wa juu.

Blasa alibaki amesimama, beseni mikononi, miguu ikiruka yenyewe. Bendi ilizunguka uwanja, ikarudi, na mzee mmoja wa mkiani, aliyekuwa amekunywa vya kutosha, akamshika kiwiko. Angekataaje? Akaenda. Akacheza na beseni kiunoni kama mtoto mchanga, akapita katikati ya sufuria, akazungushwa huku, akazungushwa kule, kitambaa kikamteremkia machoni. Hakukumbuka lini aliwahi kucheka vile. Kengele ilipolia alichomoka, akakimbilia sufuria kwenye moshi, akaiondoa motoni, akafunua. Mvuke ukapofusha miwani yake. Akamimina samaki wote, akafunika, akaketi kwenye benchi, mkono juu ya kifuniko, kwa fahari ya mtu aliyelaza mtoto wa mfalme.

Mirentxu ndiye aliyekuja wa kwanza, akihema.

"Asante kwa kutulindia sufuria, mama," akasema.

Blasa alifuta miwani. Akaangalia kulia. Sufuria ya Kontxi ilikuwa palepale ilipoachwa, ikitokota peke yake, naye Kontxi alikuwa ndiyo kwanza anafunua. Alikoroga mara moja. Akakoroga tena, mpaka chini. Kisha akamtazama Blasa, akalitazama beseni tupu, akaitazama sufuria ya Mirentxu, na Blasa akaona jinsi mambo hayo matatu yalivyokutana usoni pake. Terexa akauliza kuna nini. Waamuzi walikuwa wameshafika.

Walionja kwa Mirentxu kwanza. Mwamuzi mwenye masharubu alichota juu, akatafuna, akafumba macho, akatangaza kwamba jodari kama huyu, mwingi namna hii, aliyewekwa kwa wakati wake namna hii, hajamwona miaka mingi. Mirentxu alikuwa ametia samaki wake mapema, tena wachache. Akachungulia sufuria yake, kisha akaichungulia na ya Kontxi.

Kwa Kontxi, mwamuzi alichota kiazi. Akachota kingine. Akauliza kwa adabu samaki yuko wapi.

"Ametoka kidogo," Kontxi akasema. "Ameitembelea familia ya jirani."

Walikuwa wa mwisho, na Mirentxu akavishwa kofia kwa mara ya nne. Alikuja nayo kichwani hadi kwenye meza yao, akiwa amebeba sufuria yake akisaidiwa na mwenzake, akasema yeye hana kosa, samaki wao alikuja kwa miguu yake, hakumwita mtu. Akamimina nusu nzima kwenye viazi vyao. Watu wakapata sahani na wakala, na chakula kikawa kitamu kiasi cha kutia hasira.

Kontxi alikula akiinamia sahani. Blasa hakuigusa yake. Alifuta kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa, akasimama na kusema kwa sauti ndogo kwamba wataonana Jumatatu kiwandani.

"Unakwenda wapi?" Kontxi akauliza.

"Nyumbani."

"Uniachie mimi kumweleza Luxia? Mimi simwelezi. Umempa Mirentxu jodari wetu, kichwa boga wewe, utamwambia mwenyewe."

Terexa akakumbusha kwamba kundi ni la watu saba tangu komunyo. Kontxi, mdomo umejaa, akasema komunyo yenyewe Terexa aliipokea akiwa na surua, hakumbuki hata nani alikuwepo. Luxia akirudi watakuwa wanane, wabanane. Akamsukumia Blasa kipande cha mkate. Tayari alikuwa amempigia Luxia simu, akaiweka sikioni mwa Blasa.

Luxia alikuwa kitandani, goti juu ya mito, akisubiri matokeo. Blasa alimweleza yote, pamoja na mzee wa mkiani. 

"Kwa Mirentxu?" Luxia akasema. "Katika watu wote wa pwani hii, kwa Mirentxu?"

Kisha akaanza. Alimtukana Blasa, akatukana kondoo wa kwao, akatukana miwani yake na fundi aliyeitengeneza, akapumzika kunywa maji, akaendelea. Tangu Blasa aolewe, hakuna mtu wa Kaiondo aliyewahi kumtukana hivyo, kama wanavyotukanana wao kwa wao. Blasa aliishika simu kwa mikono miwili, akicheka hadi machozi, na kila Luxia aliponyamaza alimuuliza, kwa sauti iliyokatika, kama hana mengine.